Saa za Kufunga Hazithibitishi Kwamba Tumbo ni Tupu
Wengi huamini kwamba mgonjwa aliyekaa saa 6 tangu mlo mwepesi na saa 2 tangu kunywa maji lazima awe na tumbo tupu wakati wa kupewa nusukaputi. Sivyo, kwa kuwa kisukari cha muda mrefu, uchungu wa uzazi, maumivu makali au morfini (dawa kali ya kutuliza maumivu) huweza kuchelewesha chakula tumboni, nacho kikipanda kooni kinaweza kuingia mapafuni. Mtaalamu wa nusukaputi mwenye shaka humlaza mgonjwa kwa ubavu wa kulia, ili vilivyomo viteremkie sehemu ya mwisho ya tumbo, kisha huipima kwa ultrasaundi. Chakula kigumu kikionekana, tumbo halihesabiwi kuwa tupu, hata kama mgonjwa hakudanganya kuhusu saa alizofunga. Majimaji maangavu yasiyozidi mililita 1.5 kwa kilo ya uzito kwa kawaida hayatishi.