Mtoto kukataa usingizi wa mchana: dhana potofu na ukweli

Dhana: Akitimiza mwaka, usingizi wa asubuhi umekwisha.

Umri unakupa makisio tu. Watoto wengi huacha kulala mara tatu kwa siku na kubaki na mara mbili kati ya miezi 6 na 9. Hubaki na mara moja kati ya miezi 13 na 18. Na huacha kabisa kati ya miaka 3 na 5. Mwaka mmoja ndio umri wa kusimama dede na kujifunza kutembea, na mtoto aliyenogewa na hatua zake huweza kugoma kulala wiki nzima kisha akarudia ratiba yake kama kawaida.

Dhana: Amekataa siku tatu mfululizo, basi hahitaji tena.

Kwanza angalia chumba. Dodoma kati ya Oktoba na Desemba, chumba cha bati kisicho na dari hakilaliki saa 8 mchana, hata kwa mtu mzima. Mhamishie chumba chenye hewa, mvue nguo nzito, funga chandarua, uone. Meno, mafua na safari nazo huvuruga usingizi kwa muda.

Hesabu wiki mbili. Katika wiki hizo tazama dalili za kuwa tayari kuacha: analazwa anakaa macho nusu saa au zaidi bila kulia; akilala asubuhi, mchana hasinzii kabisa; akilala mchana, usiku yuko macho mpaka saa 4. Kipimo kinachosahaulika ni cha jioni. Siku aliyoruka usingizi, je, anafika saa 12 jioni akiwa mchangamfu? Anayelialia, anayejikwaa ovyo, au anayesinzia punde tu akibebwa mgongoni au akipanda daladala, bado anauhitaji.

Dhana: Mnyime mchana, usiku atalala fofofo.

Hii ndiyo inayowatesa wazazi wengi. Mtoto mdogo aliyechoka kupita kiasi hulala kwa vita na huamka usiku mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Mtoto wa mwaka na nusu analala saa 3 usiku na kuamshwa saa 11 na nusu alfajiri kwa sababu mama anawahi kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Hapo amepata saa 8 na nusu. Saa 2 na nusu zilizobaki, kwa uchache, zitatoka wapi kama si mchana?

Dhana: Ukiamua kukata, kata mara moja.

Sogeza usingizi wa asubuhi mbele kwa dakika 15 kila baada ya siku 2 au 3. Kutoka saa 3 na nusu hadi saa 6 mchana ni wiki tatu hadi nne. Chakula nacho kiwahi: ugali laini na mlenda saa 5 na nusu, maana njaa humwamsha mapema. Jioni mlaze saa 1 badala ya saa 2 mpaka azoee.

Akilala nusu saa tu na kuamka akilia, umeharakisha. Rudi hatua mbili nyuma. Siku ngumu mpe usingizi wa ziada wa dakika 20, ila awe ameamka kabla ya saa 10 jioni. Na ratiba hiyo aijue bibi au dada anayebaki naye, la sivyo atamlaza saa 4 asubuhi kwa nia njema na kazi yote iharibike.

Dhana: Piriton kidogo itamsaidia kulala.

Usimpe. Ni dawa ya mzio, na ikizidi huweza kuathiri upumuaji wake.

Dhana: Wa miaka 3 akiacha kulala, mwache acheze mchana kutwa.

Mtandikie mkeka mahali penye kivuli baada ya chakula, dakika 45, vitabu vya picha, bila simu wala runinga. Siku atakayopitiwa na usingizi, mwache saa moja kisha umwamshe.