Mtoto mwenye kifaa cha koklea hujifunzaje kusikia? Maswali ya wazazi

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017, na tangu hapo wazazi wengi wa Tanzania hawana tena haja ya kufunga safari ya India kwa upasuaji huo. Jambo ambalo bado halisemwi vya kutosha ni kazi inayofuata nyumbani.

Kifaa hiki kinafanya nini hasa?

Kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio ikiwa na maikrofoni na betri, na waya wake mfupi huishia kwenye kidude cha duara kinachonata kichwani kwa sumaku. Ya ndani hupandikizwa chini ya ngozi, na uzi wake mwembamba wa umeme huingizwa kwenye koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa kama konokono. Shimesikio, kile kifaa cha kawaida cha kuvaa sikioni, hukuza sauti tu. Kifaa cha koklea huziacha kando seli zilizoharibika na kuusisimua mshipa wa fahamu wa kusikia moja kwa moja. Ubongo hupokea kitu kigeni kabisa, na inabidi ujifunze maana yake.

Kwa nini tunaharakishwa?

Kwa sababu miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ubongo hushika lugha kwa wepesi zaidi. Marekani ilishusha umri wa kuwekewa hadi miezi 9 mwaka 2020. Mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo ana haraka kubwa kuliko wote, maana koklea yake inaweza kuota mfupa ndani na uzi ukakosa njia. Ndugu wakisema "mwache, hata baba yake alichelewa kuongea", wasikilize kwa adabu, kisha mpeleke mtoto akapimwe.

Siku ya kuwashwa alilia tu. Kimeharibika?

Hapana. Kifaa huwashwa wiki chache baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Mtoto ambaye hajawahi kusikia anaweza kulia, kuduwaa, au kuacha kunyonya ghafla na kumkodolea mama macho. Zote ni dalili kwamba kuna kitu kimemfikia. Mtaalamu huanza na sauti ndogo na kuipandisha kidogo kidogo kila mnaporudi kliniki, ndiyo maana kuruka miadi kunamgharimu mtoto. Msihesabu umri wake wa kuzaliwa pia. Mwenye miaka mitatu aliyewashiwa miezi sita iliyopita, kwa kusikia ni mtoto wa miezi sita. Aanze kwa kubwabwaja, na mfurahie.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza avae kifaa tangu anapoamka mpaka anapolala, akivue wakati wa kuoga tu. Akikivua, kirudishe bila ugomvi. Zimeni televisheni. Kaa ubavuni mwake, upande wenye kifaa, umsemeshe kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele huharibu matamshi.

Kila sauti ya nyumbani mpe jina lake. Mfuniko wa sufuria ukianguka, gusa sikio lako, mwambie "Umesikia? Sufuria!" kisha mwonyeshe. Fanya hivyo kwa adhana, jogoo, pikipiki, hodi mlangoni. Sauti itangulie, macho yafuate.

Mtoto akifikisha miaka miwili au mitatu, kuna mchezo ninaoupenda kuliko yote. Mpe vizibo vya soda na bakuli. Ashike kizibo karibu na shavu lake, wewe ukiwa nyuma yake useme "aaa". Akisikia, atupie kizibo bakulini. Endelea na "uuu", "iii", "mmm", "shhh", "sss". Sauti hizo sita hupita kuanzia nzito hadi nyembamba za usemi, kwa hiyo kila asubuhi zinakuonyesha kama kifaa kinafanya kazi. Jana alisikia "sss" na leo hasikii? Kagua betri na waya kabla ya kumlaumu mtoto.

Na ukimuuliza jambo, nyamaza. Subiri. Wazazi wengi hujijibu wenyewe haraka mno.

Tuongee naye lugha gani?

Ile mnayoimudu na kuipenda, iwe Kiswahili, Kichaga au Kisukuma. Lugha ya alama nayo msiiogope. Kifaa kikizimwa mtoto hasikii kabisa, na alama humpa maneno usiku, kwenye maji na miezi yote ya kusubiri.

Tukitunzeje?

Jasho la pwani ni adui mkubwa: usiku kihifadhi kwenye kopo maalumu lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Binti akisukwa, mafundo yasikae pale sumaku inaponata. Betri ndogo za duara zifichwe; akimeza moja, kimbilieni hospitali mara moja, kwani huunguza koo ndani ya saa mbili. Kabla ya upasuaji ulizeni bei ya waya, betri na vipuri, kwa kuwa mtavinunua kwa miaka mingi. Kila daktari aambiwe kuhusu kifaa kabla ya kipimo cha MRI, picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu. Chanjo ya nimonia asiikose, sababu wenye kifaa wana hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo: akipata homa kali, shingo ikakaza au akatapika, mpelekeni siku hiyohiyo.