Zege la zamani kwenye lami, maana yake nini hasa?

Ukisikia barabara imewekwa zege lililorudishwa usifikirie ile barabara ya zege tupu, hiki ni kitu kingine. Jengo au daraja limebomolewa, kifusi chake kinapelekwa kwenye krasha kinasagwa mpaka kinakuwa kokoto, sumaku inavuta vipande vya nondo, mbao na jipsamu na takataka nyingine zinatolewa, alafu hizo kokoto zinachekechwa kwa saizi na kuchanganywa na lami ya moto kama vile unavyofanya na kokoto za machimboni. Na sio sawa na kukwangua lami ya zamani na kuitumia tena, ile inakuja na lami yake tayari, hii inakuja kavu.

Kwanini watu wanahangaika nayo? Kwasababu barabara ya lami kwa kiasi kikubwa ni mawe. Ukipima uzito, kama asilimia 95 ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, lami yenyewe inacheza kwenye 4 mpaka 6 tu. Kwaiyo ukipata mawe mbadala umepunguza milima inayolipuliwa na vifusi vinavyotupwa mabondeni, na hilo mimi naona ni jambo kubwa sana.

Sasa shida iko kwenye mota. Kokoto ya zege la zamani sio jiwe tupu, ni jiwe lililovaa koti la mota, yani saruji na mchanga uliogandana, na hilo koti lina vitundu vidogo vidogo vingi. Kokoto nzuri ya kawaida inanyonya maji mara nyingi chini ya asilimia 2 ya uzito wake, hii inaweza kufika 5 au hata zaidi, na kinachonyonya maji kitanyonya na lami pia. Yani lami uliyotegemea ikae nje ishike mawe yashikamane, sehemu yake inazama ndani, inabidi uongeze nyingine, na lami ndo kitu cha gharama kwenye mchanganyiko wote. Mtu akikwambia kifusi ni cha bure muulize ameongeza lami kiasi gani, na mafuta ya kukausha hizo kokoto je?

Alafu mota ni laini kuliko jiwe. Rola ikipita baadhi ya kokoto zinavunjika, pale zilipovunjika panabaki uso mpya ambao haujapakwa lami, maji yakiingia hapo yanaanza kuibandua lami taratibu na mwisho unaona mashimo.

Ila sio mabaya tu. Saruji ina alkali na lami ina asidi kidogo, kwaiyo kama uso ni mkavu na hauna vumbi vinashikana vizuri, wakati granaiti, jiwe ambalo wengi tunaliamini, hapo huwa inasumbua. Na kokoto zilizosagwa zina kona kona, zinakabana, zinasaidia barabara isibonyee njia za matairi.

Wanaojua kazi wanatumia zile kokoto kubwa tu, maana zile ndogo ndo zimejaa mota, na hawabadilishi mawe yote, wanaweka sehemu. Wengine wanazipaka lami kidogo kwanza kuziba vitundu, wengine wanauacha mchanganyiko kwenye joto masaa kadhaa ili kama ni kunyonya zinyonye kabla ya kushindiliwa. Kwa barabara ya malori mazito mimi ningeanza na tabaka za chini na kuacha ile ya juu kabisa, maana ndo inayopigwa na tairi na mvua moja kwa moja.

Chini ya lami, kwenye tabaka la kokoto tupu, ndo zege la zamani limetumika sana na linafanya vizuri, wakati mwingine saruji iliyobaki inaganda tena ikipata maji na tabaka linakuwa gumu zaidi. Cha kuangalia hapo ni mifereji, maana maji yakipita kwenye zege yanabeba chokaa, ile chokaa inaganda kwenye mabomba ya kutolea maji na kuyaziba.