Maji ya Kisima Dar: Chumvi Haiui Vijidudu

Kila masika, kwenye benchi la nje ya chumba chetu cha matibabu hapa Temeke, hakosi mama aliyempakata mtoto aliyelegea ndani ya khanga. Nikimuuliza wanakunywa maji gani, jibu ni lilelile: "Ya kisima, dokta, lakini yana chumvi, hayana wadudu." Nimechoka kulisikia, kwa sababu najua mtoto ameletwa amechelewa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila siku.

Maji yetu yanakataa sabuni. Yana nini?

Ni maji magumu. Yamepita kwenye chokaa ardhini yakabeba kalsiamu na magnesiamu nyingi, na hizo zikikutana na sabuni, badala ya povu unapata utando mweupe. Ugumu huo ukizidi miligramu 180 kwa lita, maji huhesabiwa kuwa magumu sana. Chumvi ni jambo jingine: pwani tukivuta maji mengi kuliko yanayorudi ardhini, maji ya bahari hupenya kwenye visima. Kisima kimoja kinaweza kuwa na yote mawili, ndiyo maana mtaani tunayaita yote "maji ya chumvi".

Ule ukoko mweupe kwenye birika ni sumu?

Hapana, ni chokaa. Loweka birika kwa siki au ndimu, utatoka. Hasara yake ni kwa hita, mabomba na hela ya sabuni. Ngozi pia hukauka, hasa kwa watoto wenye pumu ya ngozi. Suuza vizuri, kisha mpake mafuta akiwa bado na unyevunyevu. Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji.

Si ndiyo yanaleta mawe kwenye figo?

Kinachonisumbua zaidi ni watu wanaoyaogopa maji wakaacha kunywa. Dereva wa bodaboda anashinda juani na soda moja, mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, halafu analaumu kisima. Kutokunywa maji ya kutosha kwenye joto la Dar ni chanzo kikubwa cha mawe. Kunywa mpaka mkojo uwe mweupe.

Mwenye presha ana tahadhari yake: chumvi ya kwenye maji ni chumvi kama ya kwenye mboga, inapandisha presha. Ukija kliniki mwambie daktari unakunywa maji ya kisima.

Sasa, kama yana chumvi, vijidudu si vinakufa?

Havifi. Kijidudu cha kipindupindu makazi yake ya asili ni maji ya chumvichumvi, pale mto unapokutana na bahari. Chumvi unayoisikia ulimini ndiyo anayoipenda. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia hapahapa Dar es Salaam, mji wa pwani uliojaa visima.

Lakini yetu yanang'aa kama kioo.

Kijidudu hakionekani kwa macho. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa yamepita jirani na shimo la choo. Hesabu hatua kutoka kisima chako hadi choo cha karibu, chako au cha jirani. Inatakiwa angalau mita 30, na nyumba ngapi za uswahilini zina nafasi hiyo? Mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo, uchafu unatembea na maji ya mvua mpaka mdomoni mwa kisima. Wanaofanya hivyo wanawaua watoto wa majirani zao, na nalisema hili bila kumumunya.

Tumeyanywa miaka 10, hatujaumwa.

Mmebahatika miaka 10. Choo kilichochimbwa mwaka jana hakikuwepo wakati huo. Chumvi haiui vijidudu. Shabu nayo haiui, inatuliza tope tu. Chemsha mpaka yatokote kabisa, yaendelee kutokota kwa dakika nzima. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ule unga mweupe utulie chini, kisha mimina taratibu. Kama mkaa ni ghali, tumia vidonge vya klorini vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji ya bomba kutoka mto Ruvu hutibiwa, lakini yakishakaa kwenye madumu au kuja na boza, nayo yachemshe.

Mtoto anaharisha. Nimpe ORS, ule unga wa pakiti wa kurudisha maji mwilini, nyumbani nione hadi kesho?

ORS mpe sasa hivi, lakini hiyo kesho usiingoje. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Kuharisha kama maji ya mchele, kutapika kila anachokunywa, macho kudidimia, kulia bila machozi, kukosa mkojo, kulegea: ukiona hata moja, njoo, iwe saa nane usiku. Finya ngozi ya tumbo lake uiachie. Ikibaki imesimama kama kikunjo cha kitambaa, usisubiri baba arudi kutoka kazini. Usisubiri. Usipitie kwa mganga wala duka la dawa kununua dawa ya kufunga tumbo. Njiani endelea kumnyonyesha na kumpa ORS kidogokidogo kwa kijiko.

ORS naichanganya na maji ya kisima?

Kama yana chumvi, usiichanganye nayo. Masika iliyopita mama mmoja alikuja na chupa ya ORS aliyoitengeneza vizuri kabisa, pakiti moja kwa lita moja. Nilionja tone: kama maji ya Coco Beach. Ile pakiti tayari ina chumvi iliyopimwa, na kisima kilikuwa kimeongeza yake, mtoto anazidi kuwa na kiu na hatari inaongezeka. Tumia maji yasiyo na chumvi yaliyochemshwa, au ya chupa. Hata maziwa ya kopo ya mtoto ni vivyo hivyo. Na kama hayo maji hayapo, usizunguke mtaa mzima ukiyatafuta. Mlete, sisi tunayo.

Kuharisha kumekoma siku ya tatu. Vidonge vya zinki alivyoandikiwa kwa kuharisha niache?

Usiache. Mmalizie siku zote ulizoandikiwa, 10 hadi 14, hata akiwa anacheza uwanjani.