Je, wajua kwa nini nguruwe hususia chakula wakati wa joto?

Ukiingia banda la nguruwe Kibaha au Morogoro mwezi wa Februari, saa nane mchana, utawakuta wamelala ubavu, kila mmoja mbali na mwenzake, wakihema haraka. Chakula cha asubuhi bado kimo kihorini. Wengi hudhani pumba zimeharibika. Kumbe nguruwe mzima wa afya hupunguza kula kwa makusudi, kwa sababu kula kwenyewe kunamzidishia joto. (Homa ya nguruwe ya Afrika nayo huja na kukataa chakula. Ikiwa hata usiku ukipoa hawali, mwite mtaalamu wa mifugo mara moja.)

Nguruwe ana tezi chache za jasho zinazofanya kazi, hivyo hawezi kujipoza kwa jasho kama sisi. Ndiyo maana hupenda matope: maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Jike anayenyonyesha huanza kutaabika hewa ikipita nyuzi 25 hivi, ilhali Dar es Salaam mchana hupita nyuzi 30 kwa miezi kadhaa.

Sasa, kila mlo ukishamezwa lazima usagwe, uyeyushwe na ugeuzwe kuwa nyama, maziwa au nguvu, na kazi hiyo yote huzalisha joto ndani ya mwili. Ila vyakula havilingani. Mafuta ndiyo yenye joto dogo kuliko vyote, kisha wanga. Protini ikizidi mahitaji, ini hulazimika kuitoa nitrojeni yake na kuifanya urea ili figo ziitoe kwa mkojo. Kazi hiyo hula nguvu, huleta joto na hudai maji zaidi. Nyuzinyuzi nazo huchachushwa na bakteria kwenye utumbo mpana, na uchachukaji huo hutoa joto.

Hapa ndipo penye tatizo letu. Chakula cha bei nafuu kwa mfugaji mdogo wa Tanzania ni pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kutoka Singida au Dodoma. Mashudu hayo mara nyingi yamekamuliwa pamoja na maganda, kwa hiyo yana nyuzinyuzi nyingi, na protini yake ina upungufu wa laisini, asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo kwa kawaida humpungukia nguruwe kabla ya nyingine. Mfugaji akiona wanakonda huongeza mashudu, naye bila kujua anawawashia jiko tumboni.

Dawa yake ni kuwapa protini bora badala ya protini nyingi. Viwanda vya chakula cha mifugo hushusha protini kwa asilimia 2 hivi, tuseme kutoka 18 hadi 16, kisha huongeza asidi amino za kiwandani: laisini, methionini na threonini. Usishushe protini bila nyongeza hiyo, maana watadumaa. Asiyezipata anaweza kupunguza mashudu na kuweka soya nzima iliyokaangwa vizuri. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, kwa kuwa soya ina laisini ya kutosha na karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, yaani asilimia 18 hadi 20, ni mafuta. Soya mbichi usitumie. Ina vizuizi vinavyozuia protini isiyeyushwe.

Unaweza pia kuchanganya mafuta ya kula, kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za chakula. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga, hivyo nguruwe anayekula kidogo bado anapata haja yake. Changanya cha siku chache tu, kwa sababu joto huyachachisha haraka. Vitamini na madini navyo viongezwe kidogo, kwani mlo ukipungua navyo hupungua.

Anayeumia zaidi ni jike anayenyonyesha. Asipokula vya kutosha huchota akiba ya mwili wake kutengeneza maziwa, hukonda, huchelewa kurudi kwenye joto la kupandwa, na wanawe huachishwa wakiwa wepesi. Watoto wenyewe wachanga ni kinyume chake: wanahitaji nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo kona yao isipozwe.

Saa za kulisha pia zibadilike. Joto la uyeyushaji huja saa chache baada ya kula. Ukilisha saa nne asubuhi, linakutana na jua kali. Lisha alfajiri, kisha saa moja jioni na kuendelea, na sehemu kubwa ya mlo iwe ile ya jioni.

Hayo yote hayafai kitu maji yakikosekana. Jike anayenyonyesha huweza kunywa lita 30 kwa siku au zaidi, na chumvi iliyomo kwenye chakula humdhuru, hata kumuua, akikaa bila maji. Bomba la plastiki lililolala juani hutoa maji ya moto mchana, naye hunywa kidogo mno. Lifukie ardhini, na tangi liwekwe kivulini.