Ufadhili sio mkopo, na mdhamini sio mfadhili

Leo tena. Kijana kaingia hapa steshenari na faili lake kwapani anataka nimprintie fomu, huku anaongea na simu, "mama nimepata ufadhili, nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, bodi imenipa ufadhili", na kwenye simu nasikia vigelegele kabisa. Sikumkatiza, furaha ya mama wa mtu huikatizi. Ila hii ni mara ya nne wiki hii naisikia hapa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na juzi mtangazaji wa redio moja nae kasema hivyohivyo, kwahiyo leo naandika.

Ufadhili wa masomo, au skolashipu, ni hela unayopewa usome na hairudi. Mkopo ni hela unayopewa usome na inarudi. Ndo hivyo tu, maana yenyewe haina urefu. Inachotoa bodi, yaani bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa wanafunzi walio wengi wa ualimu wa sayansi kwenye vyuo kama UDOM, DUCE, Mkwawa na kwingine ni mkopo, na bumu lile mnalosubiri kila muhula mkanunue chakula ni mkopo pia, sio posho. Najua kinachowachanganya watu, kozi za ualimu wa sayansi na hesabu zimekuwa kwenye kundi la kipaumbele cha bodi miaka mingi kwasababu walimu wa masomo hayo ni wachache, sasa mtu akisikia kipaumbele anadhani kasamehewa. Kipaumbele maana yake umewekwa mbele kwenye foleni ya kukopa, deni liko palepale.

Sasa neno lenyewe. Ufadhili linatoka kwenye fadhili, na fadhili tuliichukua kwenye Kiarabu, ukoo mmoja na fadhila, tafadhali na afadhali. Ndani yake kuna wema unaozidi, kitu anachokupa mtu wakati hakuwa na deni na wewe. Ndo maana tunasema fadhila za punda ni mateke, yaani tunamlaumu punda kwa kulipa vibaya wema ambao hakuna aliyemwandikia mkataba alipe. Fadhila haina risiti. Mkopo wenyewe una msemo wake, kukopa harusi kulipa matanga, na kila aliyewahi kukatwa mshahara anaujua vizuri. Wazee waliyatenganisha haya maneno mapema sana, sisi ndo tunayarudisha kwenye sufuria moja.

Ruzuku nayo ni ya Kiarabu, ukoo wa riziki, Mungu humruzuku amtakaye, kwahiyo nayo hairudishwi. Basari, wanavyosema majirani zetu Kenya, asili yake ni neno la Kilatini la mfuko, bursa, na ndo huyohuyo bursa wa shule aliyekuwa anakufukuza darasani kwasababu ya ada, mtu wa mfuko. Hayo mawili sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye mdhamini. Hili neno linawaumiza watu kweli, sio suala la ufasaha tu. Udhamini unatoka kwenye dhamana, ni ukoo mwingine kabisa na fadhila ingawa zote zina dh na zote zilikuja na Kiarabu. (Na sio kuthamini kwa th, hiyo ni thamani, ya tatu hiyo, tuiache.) Mdhamini asili yake ni mtu anayesimama badala yako, ndugu yako kashikwa yuko kituoni, we unaenda unaandika jina unasema huyu naondoka nae na asipotokea nitafuteni mimi. Hela hatoi, anatoa shingo. Baadae mpira ukaja, ligi zikawa na kampuni zinazotoa hela zikaitwa wadhamini, na kwenye matangazo ya masomo ya nje utakuta wanaandika nafasi za udhamini wa masomo wakimaanisha skolashipu. Neno moja sasa linabeba anayetoa hela na anayedaiwa hela ikipotea. Halafu ukifungua fomu ya mkopo ya bodi unakuta kuna sehemu ya mdhamini, ajaze jina, abandike picha, aweke kitambulisho, asaini.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Bahi na binti yake aliyekuwa anaomba kusoma kemia na baiolojia ya ualimu. Kaingia na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nikamwamkia shikamoo mama, akaweka mkoba chini, binti akamwonyesha pa kusaini. Mama akashika peni, akasoma polepole kwa kidole, M-D-H-A-M-I-N-I, akaiweka peni mezani. Akasema, "Mwanangu, mi nalima mtama na alizeti, nitamdhamini na nini? Si wadhamini ndo wanaotoa hela?" Redio ilishamfundisha hivyo. Nikamwambia hapana mama, hela inatoa serikali, wewe ni kama unamtoa mtu polisi, unasema namjua huyu ni mwanangu, asipolipa mna pa kuniulizia. Hapo ndo nikawa nimemtisha zaidi maana alikaa kimya muda, binti macho yamejaa machozi, foleni nyuma inasogea. Mwisho akauliza swali ambalo wanafunzi wengi wa chuo hawajawahi kuniuliza, "analipaje?" Nikamwambia akianza kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Akafikiria kidogo akasema, "Yaani nikivuna magunia saba, moja la kwao." Nikapiga kwenye kikokotoo, ni karibu hivyohivyo. Tuseme mshahara wa msingi ni laki saba, inaondoka laki na elfu tano. Akachukua peni akasaini jina lake lote, herufi kubwa, akapuliza wino ukauke.

Yule mama alisaini akijua. Kijana wa leo mama yake anapiga vigelegele, na kwenye fomu kuna jina la mtu kama mdhamini, kama ni la huyo mama basi ni dhamana kaiweka bila kujua kaweka. Ndo maana naona neno hili sio dogo.

Sasa sio kwamba ufadhili wa kweli haupo. Kuna ule wenye jina la Rais Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu juu kabisa kidato cha sita kwenye tahasusi za sayansi, kina PCM (fizikia, kemia na hesabu) na PCB (fizikia, kemia na baiolojia), unalipiwa na hulipi. Na maombi yake yamekuwa yanapitia bodi hiyohiyo ya mikopo, ambayo nadhani nayo imechangia kuchanganya, mtu akiona hela imepitia mlango mmoja anadhani ni hela moja. Mlango mmoja, hela mbili.

Na kuna aina ya tatu iko katikati, hii ndo mnayoitamani mkisema ufadhili wa walimu wa sayansi, ila wengi hamjaisoma mpaka mwisho. Ni ufadhili wenye sharti la kufundisha. Unasomeshwa bure ila unaahidi ukimaliza utafundisha miaka kadhaa, wazee wa zamani wakiita kufungwa bondi. Marekani wameiendeleza sana. Wana ufadhili unaitwa Robert Noyce, jina la yule mwanzilishi mwenza wa Intel aliyekuwa mmoja wa wagunduzi wa chipu, uliwekwa kisheria 2002 kupitia taasisi ya serikali yao ya sayansi, NSF. Mwanafunzi wa sayansi au hesabu anayetaka kuwa mwalimu analipiwa, na kwa kila mwaka mmoja aliolipiwa anafundisha miwili kwenye maeneo yenye uhitaji mkubwa. Usipofundisha, ile fadhila inageuka mkopo na unaanza kudaiwa.

Wana na mwingine unaitwa TEACH Grant, wa sheria ya 2007, hadi dola 4,000 kwa mwaka, sharti ni ufundishe miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya kumaliza, somo lenye uhaba, kwenye shule za watoto wa familia za kipato cha chini. Ukishindwa unageuka mkopo na riba inahesabiwa kuanzia siku ile ya kwanza uliyopokea hela, sio siku uliyoshindwa. Fikiria, jina lake Grant, kwetu tungesema ruzuku, na imeshawageukia walimu wengi wa kule kuwa deni, wengine kwasababu tu karatasi ya kuthibitisha wanafundisha ilichelewa kufika, mpaka serikali yao ikabidi ibadilishe utaratibu. Kwahiyo hata ukiona neno ufadhili limeandikwa kubwa juu ya barua, shuka chini utafute neno "endapo". Hapo kwenye endapo ndo utajua umepewa nini.

Na hii ya tatu inahitaji kitu ambacho watu hawakisemi, inahitaji darasa la kwenda kufundisha. Mtu akikuambia nakusomesha ila ufundishe, na yeye awe na kituo cha kukupanga. Hapa Dodoma tunakumbuka Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi na hisabati pale UDOM walitakiwa kuondoka chuoni, watoto walioitwa kwasababu ya uhaba wa walimu, na barabara ya kushuka mjini ilijaa mabegi. Na hata leo wahitimu wa ualimu, hadi wa fizikia, wako mtaani wanaomba ajira serikalini kila tangazo likitoka. Mkopo una nafuu moja hapo, unakatwa ukiwa na mshahara. Bondi ingekuhesabia miaka wakati huna hata pa kusimama na chaki. Kwahiyo anayedai tuanzishiwe ufadhili wa sharti kama wa kule namuunga mkono kwa moyo wote, ila adai na ajira kwenye sentensi hiyohiyo.

Yule kijana alipomaliza simu nilimpa fomu zake, kurasa zikiwa zimepangwa, nikamwonyesha sehemu ya mdhamini nikamuuliza hapa umemwandika nani. Akasema mama. Nikamwambia basi mpigie tena jioni akiwa ametulia, mwambie hivi: mama, nilichopata ni mkopo wa bodi, nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, nitalipa nikianza kazi, na wewe ndo mdhamini wangu. Hongera yake iko palepale, mdogo wangu, kusoma fizikia ya ualimu ni jambo kubwa, ni jina la hela tu ndo ulikosea.