Magnolia haipendi kusumbuliwa

Nikiitwa kuangalia magnolia iliyogoma kuchanua, siulizi habari za mbolea. Nauliza mkasi ulipita lini. Mara nyingi jibu ni kwamba mti ulipogolewa baridi ikielekea ukingoni, ukapendeza, ukakaa kama mwavuli. Basi maua ya mwaka huo yaliondoka na matawi.

Kama una magnolia ya aina inayopukutisha majani, kamata tawi lake moja wakati wa baridi ulitazame kwa karibu. Kwenye ncha kuna tumba nene lenye manyoya laini ya kijivu. Lipasue kwa ukucha: ua limo ndani, limeshajikunja tayari. Mti ulianza kuliunda tangu majira ya joto yaliyopita. Matumba madogo membamba ya ubavuni mwa tawi ni ya majani tu. Sasa anayepunguza ncha zote ili mti uwe mviringo anapunguza nini?

Ikibidi kupogoa, pogoa mara maua yanapokwisha, na uwe bahili. Mimi huondoa tawi lililokufa na yale yanayosuguana, nikaweka mkasi mfukoni. Jeraha la magnolia hupona polepole, na ukikata tawi nene mti hulipiza kwa fimbo kumi zinazosimama wima kama ufagio.

Lakini mambo makubwa yako chini. Mizizi yake ni minene na laini, kama kamba iliyolowa, haina matawi mengi, tena hutambaa juujuu. Ikikatwa huchelewa kujiunga, na mingine huoza. Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo niliona nafasi tupu chini ya magnolia ya mteja, nikailima vizuri ili nipande maua madogo. Mwaka uliofuata, upande uleule niliolima, matawi yakaanza kukauka kutoka nchani. Mteja alidhani ni ugonjwa. Nilimweleza ukweli, na malipo ya kazi ile sikuyadai. Tangu hapo jembe haliingii chini ya magnolia yangu. Magugu nang'oa kwa mkono.

Kwa hiyo mahali pa kupanda pachague mara moja, kwani mti uliokomaa hauhamishiki kirahisi. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, ila kina kisizidi kimo cha donge. Pale shina linapotanuka kuanza mizizi paonekane juu ya udongo. Mche uliozikwa shingo hudhoofika taratibu, na ukifa baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka siku ya kupandwa. Tandaza mboji au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina, na miaka miwili ya kwanza mwagilia kwa kina pakikauka. Udongo uwe na tindikali kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Penye chokaa nyingi majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, maana mti haupati madini ya chuma. Majivu ya jikoni yapeleke kwingine.

Aina ni nyingi. Magnolia grandiflora, ya kusini-mashariki mwa Marekani, haipukutishi majani yote kwa pamoja na hupita mita 20, kwa hiyo usiipande dirishani. Bustani ndogo itafaa Magnolia stellata ya Japani. Ile ya maua kama vikombe, meupe yenye waridi, ni chotara aliyepatikana Ufaransa mwaka 1820 kwa mkono wa Étienne Soulange-Bodin. Penye joto mwaka mzima ningejaribu champaka, yenye harufu inayokufikia kabla hujauona mti.

Ukikuta mbawakawa ndani ya ua, mwache. Ukoo huu ulikuwepo kabla ya nyuki kuenea, na mbawakawa ndio wachavushaji wake wa kale. Wa kuwaangalia ni sisimizi. Wakipanda na kushuka shinani kwa msururu, kagua vitawi: huenda kuna wadudu gamba, wanaofyonza utomvu na kuacha utamu unaoota ukungu mweusi. Wachache wakwangue kwa brashi laini na maji ya sabuni.

Na mbolea? Kidogo. Ya naitrojeni nyingi hukupa majani ya kujivunia, maua hakuna.

Mche uliounganishwa kitaluni huweza kuchanua ndani ya miaka michache. Wa mbegu ni habari nyingine. Grandiflora hupita hata miaka 10. Ninao mmoja niliouotesha mwenyewe, kutoka mbegu nyekundu niliyoikuta ikining'inia kwenye uzi wake chini ya tunda. Huu ni mwaka wa 9. Majani yake yanang'aa sana.